Diski nzima ndani ya faili moja: ISO ni nini, na namna ya kuigawa nyumbani bila kununua data

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, neno ISO limetoka kwenye meza za mafundi likaingia sebuleni. Mwenye laptopu ya zamani Nakuru au Kisumu anaambiwa: "Pakua ISO ya Linux, weka kwa flashi, kisha uwashe upya." (Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows.) Anafanya vivyo hivyo. Anapakua faili ya gigabaiti tano au sita, anaibandika kwenye flashi kama anavyobandika wimbo, anawasha mashine, na mashine inasema haioni mahali pa kuanzia. Data imekwisha, na lawama zote zinaangukia flashi.

Kabatini nako kuna swali jingine. DVD za harusi, za matanga ya babu, za kwaya iliyorekodi wakati waimbaji wake wote walikuwa hai, zimelala huko, na laptopu mpya hazina tundu la diski. Watu wanaulizana kama kunakili faili zilizomo kunatosha au kuna zaidi. Maswali haya mawili yanafunguliwa na ufunguo mmoja: kujua tofauti kati ya nakala ya vitu vilivyo ndani ya diski na nakala ya diski yenyewe.

Diski ya CD au DVD ina njia moja nyembamba inayojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, kama ungo unavyosukwa kutoka kitovu. Njia hiyo imegawanywa vipande viitwavyo sekta, na kila sekta ya data hubeba baiti 2048. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000 hivi, yaani baiti 737,280,000, ndiyo ile inayoandikwa 700 MB. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Faili ya ISO ni sekta hizo zote, ya kwanza hadi ya mwisho, zimepangwa kwa mfuatano ule ule ndani ya faili moja. Hakuna kilichobanwa wala kilichorukwa. Jina limetokana na ISO 9660, kanuni ya kimataifa ya 1988 inayoeleza faili zipangwe vipi kwenye CD. Wengine huiita picha ya diski, na hapo mtu hufikiri ni picha ya kamera. Chukua tu kwamba ni diski isiyo na plastiki.

Kibanda na gunia

Fikiria kibanda cha mboga pale soko la Kibuye. Ukinakili faili kutoka kwenye diski, umechukua sukuma, nyanya na vitunguu ukavitia guniani. Bidhaa zote zipo, lakini rafu, mpangilio wa mafungu na mlango wa mbele umeviacha nyuma. Ukitengeneza ISO, umekinyanyua kibanda chenyewe, kila nyanya ikiwa juu ya fungu lake, ukakitua mahali pengine. Mteja akija anakuta kila kitu kilipokuwa.

Mlango ndio jambo zito hapa. Kompyuta inapowaka haipekui diski nzima ikitafuta pa kuanzia. Inakwenda mahali maalum. Kwenye CD na DVD za kuanzishia mashine, tukihesabu kuanzia sifuri, sekta ya 16 hubeba utambulisho wa diski, na ndani yake mna herufi CD001. Sekta ya 17 huelekeza mahali ilipo programu ya kuanzisha. Sekta hizo si faili. Ukifungua diski huzioni, kwa hivyo huwezi kuzishika kwa kipanya na kuziburuta.

Ndiyo maana ISO iliyobandikwa kwenye flashi haiwashi mashine. Umekitia kibanda kizima ndani ya kibanda kingine, na mashine inabisha mlango wa nje, ambao hauna mtu. Kinachohitajika ni programu ya kuandika ISO juu ya flashi: Rufus kwenye Windows, au balenaEtcher kwa ISO za Linux. Zote mbili hufuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi, basi hamisha picha zako kwanza. Usitumie Etcher kwa ISO ya Windows, maana ISO hiyo haikutengenezwa iandikwe moja kwa moja kwenye flashi na kwa kawaida haitaanza. Rufus inajua namna ya kuipanga upya. Ventoy ni njia ya tatu, nayo naipendekeza kwa mtu mwenye mashine nyingi za kutengeneza: unaiweka kwenye flashi mara moja tu, kisha ISO unazibandika kama faili za kawaida, na mashine ikiwaka inakuonyesha orodha uchague.

Kwa sababu hiyo hiyo, kubadilisha jina la faili kutoka .zip hadi .iso hakuleti ISO. Jina limegeuka, ndani hamna CD001 wala sekta ya 17.

Kosa jingine linalowasumbua wengi ni flashi ya gigabaiti 32 kukataa faili ya gigabaiti 4.7 ikidai ni kubwa mno. Nafasi ipo. Tatizo ni mpangilio wa flashi hiyo, FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja inayozidi baiti 4,294,967,295. Ukitaka kuitumia flashi kama gari la kusafirisha ISO, ipange upya kwa exFAT, mpangilio unaobeba faili kubwa. Na DVD ikionekana ni 4.37 badala ya 4.7, usidhani umeibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kutoa ISO kwenye diski

Kifaa ni msomaji wa DVD wa nje, wa kuchomeka USB. Uchomeke moja kwa moja kwenye mashine, usipitie kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Mota inapoanza kuzunguka huvuta nguvu nyingi kwa ghafla, na ukipungukiwa kifaa hujikata na kujiunganisha tena katikati ya kazi. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari mnyoofu. Usizungushe mkono: mkwaruzo unaokata njia kwa upana hupoteza kidogo hapa na kidogo pale, na mfumo wa kusahihisha makosa ulio kwenye diski huziba mapengo hayo, lakini mkwaruzo unaofuata njia hupoteza mfululizo mrefu usioweza kuzibwa.

Windows tangu toleo la 8 inafungua ISO kwa kubofya mara mbili, ila haina chombo chake cha kuitengeneza kutoka kwenye diski. Programu ya ImgBurn hufanya hivyo, kwa chaguo la kutengeneza faili kutoka diski. Kwenye Linux, kama diski ni nzima, mstari mmoja wa amri unatosha:

`dd if=/dev/sr0 of=harusi.iso bs=2048 status=progress`

Hapo sr0 ndiyo diski na harusi.iso ndiyo faili utakayopata. DVD iliyojaa huchukua robo saa hivi. Baadhi ya CD zilizochomwa nyumbani humalizia na sekta mbili zisizosomeka, zilizoachwa na mashine ya kuchomea, na dd hulalamika mwishoni ingawa data yote imeshaingia. Amri `isosize -x /dev/sr0` hukupa idadi halisi ya sekta; irudie dd ukiongeza `count=` na idadi hiyo.

Diski za matanga na harusi mara nyingi si nzima. Zimekaa karibu na dirisha, rangi ya ndani inayobeba data imefifia kwa jua na joto, au karatasi ya jina iliyobandikwa juu imejikunja ikaivuta diski. Hapa usitumie dd, kwani husimama kwenye kosa la kwanza. Tumia ddrescue, ambayo kwenye Ubuntu na Debian pakiti yake inaitwa gddrescue:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 matanga.iso matanga.map`

`ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 matanga.iso matanga.map`

Mstari wa kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuziruka sehemu ngumu. Wa pili hurudi kwenye zile ngumu tu na kujaribu mara tatu zaidi. Faili ya .map ndiyo kumbukumbu ya kilichopatikana na kilichobaki, na thamani yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: unaweza kuibeba pamoja na ISO hadi kwa jirani mwenye msomaji wa aina nyingine, ukatoa amri ile ile, na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Sekta iliyoshinda kifaa kimoja mara nyingi husomwa na kingine. Hata zikibaki sekta mia mbili, hizo ni kilobaiti 400 tu katika DVD nzima. Video itaganda sekunde moja kisha iendelee, na sura ya babu utaiona.

CD ya muziki haiingii kwenye kanuni hii. Haina faili wala ISO 9660 ndani yake; sekta zake ni za baiti 2352 na ni sauti tupu. Ukiilazimisha kuwa ISO utapata makosa. CD za kwaya zitoe kama FLAC (faili za sauti zisizopunguza ubora), au kama jozi ya BIN na CUE (faili ya sekta zote na faili ya mpangilio wake) ukitaka diski kamili. Na DVD nyingi za filamu za dukani zina kufuli. ISO zake hutoka na makosa au haichezi. Hilo ni suala la haki za mtu mwingine, nitaligusa baadaye.

Faili ikishakamilika, ipime. `sha256sum harusi.iso` kwenye Linux, au `certutil -hashfile harusi.iso SHA256` kwenye Windows, hukupa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Baiti moja ikibadilika, mfululizo wote hubadilika. Kwa ISO uliyopakua, linganisha na mfululizo ulioandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukichukua faili na mfululizo wake kwa mtu mmoja usiyemjua, umethibitisha tu kwamba faili ni ile aliyotaka uipate. Na tukiwa hapo: ISO si virusi, lakini inaweza kubeba programu mbaya kama gunia linavyoweza kubeba chochote. Wahalifu walizipenda kwa barua pepe kwa sababu faili zilizofunguliwa kutoka ndani ya ISO hazikuwa zikibeba ile alama ya Windows inayotahadharisha kwamba kitu kimetoka kwenye intaneti; pengo hilo Microsoft ililiziba Novemba 2022. ISO uliyotumiwa bila kuiomba, usiifungue.

Seva si aina ya mashine

Seva ni kazi. Kompyuta yoyote inayokaa imewashwa ikingoja kuulizwa, na ikiulizwa inajibu, ni seva. Kwa nyumba ya huku kwetu, chaguo bora ni laptopu kuukuu, hata iliyopasuka kioo, kwa sababu ina betri yake: stima ikipotea dakika ishirini, haianguki. (Betri ikiwa imevimba, itoe, hiyo ni hatari ya moto.) Laptopu isiyo na kazi nzito hutumia takriban wati 15, ambazo kwa mwezi ni yuniti 10.8 za tokeni. Kompyuta ya mezani ya wati 60 ingekula yuniti 43.2. Ongeza diski kuu ya nje ya terabaiti moja, unapata nafasi ya DVD mia mbili zilizojaa.

Weka Linux, iunganishe na rauta kwa waya, na kwenye mipangilio ya rauta uitengee anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Usipoitenga, siku rauta itakapozimika na kuwaka itapewa anwani nyingine, na watu wataanza kusema seva imekufa. Ili ifanye kazi ikiwa imefunikwa, fungua faili /etc/systemd/logind.conf, andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uwashe upya.

Kugawa faili kwa mashine za nyumbani ni kazi ya programu iitwayo Samba. Baada ya `sudo apt install samba`, mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf weka:

`[diski]`
`path = /srv/diski`
`read only = yes`
`valid users = familia`

Kisha `sudo adduser familia`, `sudo smbpasswd -a familia`, na `sudo systemctl restart smbd`. Kwenye Windows andika `\\192.168.1.50\diski` katika mstari wa anwani wa folda, jina na nenosiri, basi. Maelekezo mengi ya zamani yanakuambia uache mlango wazi kwa mgeni bila nenosiri, au uwashe SMB1, toleo la kale la lugha ya kugawa faili. Usifuate. Windows nyingi za sasa zinavikataa vyote viwili kwa sababu nzuri, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. Mstari wa kusoma tu nao usiuondoe: laptopu ya mtoto ikirudi kutoka chuoni na programu inayofunga faili kwa fidia, haitaweza kugusa harusi ya wazazi.

Simu ni hadithi nyingine. VLC kwenye kompyuta hucheza ISO ya DVD moja kwa moja, pamoja na menyu zake. Kwa simu, tengeneza pia nakala ya MP4 kwa programu ya HandBrake, ambayo inasoma ISO hiyo hiyo, uiweke kando yake. ISO ndiyo asili. MP4 ni ya kutazama.

Sasa dhana inayowazuia wengi kuanza: kwamba seva inahitaji intaneti na itakula data. Ndani ya nyumba, faili inatoka kwenye seva, inapita kwenye rauta, inaingia kwenye laptopu. Haitoki nje ya geti. Chomoa waya wa faiba au toa laini ya simu kwenye rauta, na bado itafika. Hapa ndipo shule ndogo ya Njoro au saiba ya Kondele yenye mashine kumi inapookoa pesa: ISO ya Linux Mint ya karibu gigabaiti tatu inapakuliwa mara moja na kugawiwa mara kumi, gigabaiti 27 hazinunuliwi.

Kasi inategemea waya. Namba ya mtandao ni megabiti, namba ya faili ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Tundu la rauta la megabiti 100 hupitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde, hivyo DVD iliyojaa inachukua dakika saba. Tundu la gigabiti linaweza kumaliza chini ya dakika moja, kama diski kuu yenyewe inaweza kuandika kwa kasi hiyo. WiFi ya zamani ya 2.4 GHz ikipita kuta mbili za mawe, ikashuka hadi megabaiti tatu, ni dakika 26. Kabla ya kununua rauta mpya, jaribu waya.

Kugawa nje ya nyumba ni jambo gumu zaidi, na hapa ukweli wa data unarudi. Tuseme binti yuko chuoni Kakamega, seva iko Nakuru. Kwanza, nyumba nyingi zinashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine wa kampuni ya intaneti. Angalia anwani ya nje kwenye ukurasa wa rauta: ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna mpangilio wa rauta utakaomfanya mtu wa nje akufikie moja kwa moja. Pili, hata kama una anwani yako mwenyewe, usifungue mlango wa Samba, namba 445, kwa dunia. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa njia hiyo hiyo. Tumia Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwa njia ya siri kupitia intaneti, inayofanya kazi hata kwenye anwani za kushiriki. WireGuard, njia nyingine ya aina hiyo, inafaa pale ambapo angalau upande mmoja una anwani yake. Tatu, kasi ya kupakia: kwa megabiti 5, DVD nzima inachukua saa mbili na dakika tano, na pande zote mbili zinalipia data. Mtumie MP4.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mwenye nakala halali ya programu ya kompyuta kutengeneza nakala ya akiba. Linux unaweza kuigawa kwa yeyote. Filamu na albamu za watu hazimo kwenye ruhusa hiyo ya programu, na kuzigawia mtaa kwa malipo ni kosa.

Kinachobaki ni stima na radi. Nyanda za kutoka Kericho hadi Kisumu na Kakamega zina radi nyingi, na msukosuko wa umeme hupita kwenye waya wa stima na kwenye waya wa mtandao pia. Mvua ya ngurumo ikikaribia, chomoa vyote viwili. Betri itaendelea kuishikilia seva wakati unaizima taratibu. Stima ikikatika katikati ya kuandika ISO kwenye diski kuu ya nje yenye umeme wake, usiiamini faili hiyo hata kama inafunguka. Ipime upya.

Seva moja si akiba. Nunua diski kuu ya pili, inakili folda yote, na uipeleke nyumba nyingine, kama vile kwa shangazi Bungoma. Kabla ya kuipeleka, ingia ndani ya folda ya diski na uandike `sha256sum *.iso > orodha.sha256`, uiweke orodha hiyo pande zote mbili. Kila baada ya miezi sita, kila upande uendeshe `sha256sum -c orodha.sha256`. Mstari ukitoka FAILED, futa faili hiyo na ulete ile ya upande wa pili. DVD zenyewe zirudishe kabatini zikiwa zimesimama wima kwenye makasha yao, mbali na dirisha, jina limeandikwa kwa kalamu laini ya wino karibu na tundu la katikati.